UZI: Kutoka tafiti hadi mwongozo wa tiba. Mapitio ya kimfumo yanavyofanya kazi, kwa kisa cha kwinini na artesuneti

Mzani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila WHO inapobadili dawa, humu ndani hufunguliwa nyuzi mbili. Mmoja unasema "tafiti zimethibitisha", mwingine unasema "tafiti zimenunuliwa". Pande zote mbili mara nyingi hazijafungua mapitio yenyewe. Basi tuyafungue hapa, kwa kisa chenye namba za kushika: malaria kali, na safari ya kutoka dripu ya kwinini hadi sindano ya artesuneti.

Mapitio ya kimfumo ni utafiti juu ya tafiti. Swali linafungwa kabla ya kuanza, vigezo vya kuingiza na kuacha vinaandikwa mapema, tafiti zote zinazohusu swali hilo zinasakwa, zilizochapishwa na ambazo hazikuchapishwa, kila moja inakaguliwa ubora, ndipo namba zinajumlishwa pale zinapojumlishika. Makala iliyokusanya tafiti ishirini bila kueleza ilizipataje ni insha tu, hata ikiwa na sahihi ya profesa.

Sasa kisa. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la SEAQUAMAT: wagonjwa 1,461, wengi watu wazima, huko Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar. Upande wa artesuneti walifariki 15%, upande wa kwinini 22%. Mwaka 2007 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaoandaa mapitio ya kimfumo, yakakusanya majaribio 6 yenye washiriki 1,938. Piga hesabu: 1,461 kati ya 1,938 ni robo tatu. Mapitio mazima yalikuwa yamebebwa na jaribio moja la Asia, na waandishi walisema wazi kwamba kwa watoto data haitoshi. Mwongozo wa WHO wa 2006 nao ulikuwa na tahadhari ya namna hiyo: artesuneti kwa watu wazima wa maeneo yenye maambukizi machache, kwa watoto wa maeneo ya malaria nyingi, artesuneti, artemetha au kwinini, yoyote kati ya hizo.

Kuna waliosema Afrika inacheleweshewa dawa. Mimi naona tahadhari ile ilikuwa na mantiki. Mtu mzima wa Asia huangushwa zaidi na figo, mapafu na manjano. Mtoto wa Muheza huangushwa na upungufu mkubwa wa damu, degedege na tindikali kuzidi kwenye damu. Huwezi kuazima jibu la mmoja ukampa mwingine bila kulipima.

Jibu likaja 2010 kwa jaribio la AQUAMAT: watoto 5,425, vituo 11, nchi 9 (Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Kongo ya Kinshasa, Msumbiji, Ghana, Nigeria na Gambia). Kwa upande wetu vilikuwemo Kilifi, Mbarara, Muheza na Korogwe. Vifo vilikuwa 230 kati ya 2,712 kwa artesuneti (8.5%) na 297 kati ya 2,713 kwa kwinini (10.9%). Mapitio ya Cochrane yaliyoingiza data hiyo yana majaribio 8, watu wazima 1,664 na watoto 5,765. Uwiano wa hatari ya kufa (hatari kwa artesuneti ukigawa kwa hatari kwa kwinini, 1 ikiwa ni sare) ni 0.61 kwa watu wazima na 0.76 kwa watoto. Aprili 2011 WHO ikapendekeza artesuneti kwa watoto pia.

Karibuni, mwenye nondo ashushe.

Kipimajoto

Mkuu Mzani, mapitio yanayonukuliwa kila mahali ni ya Juni 2012. Mwongozo ulibadilika Aprili 2011. Sasa mapitio yalikuwa na kazi gani kama uamuzi ulishatoka? Si wangesoma AQUAMAT tu wakamaliza?

Mzani

Kulikuwa na toleo la Machi 2011, mkuu. Lile la 2012 ni usasishaji uliofuata, ndilo watu wamelishika zaidi.

Kuhusu "AQUAMAT tu ingetosha": kwa kifo, karibu utakuwa sahihi, maana kati ya watoto 5,765 wa mapitio, 5,425 ni wa AQUAMAT. Lakini kamati ya mwongozo haiulizi kifo peke yake. Inauliza madhara ya ubongo baada ya kupona, sukari kushuka, siku za kulazwa, na kama matokeo yanaelekea upande mmoja kila mahali au yanapishana. Mapitio ndiyo yanayoweka haya yote kwenye jedwali moja, na kulazimisha lile linaloudhi nalo liandikwe. Na liliandikwa. Watoto wa artesuneti walikuwa na dalili nyingi zaidi za hitilafu za mfumo wa fahamu siku ya kutoka hospitali, uwiano 1.36, na mipaka ya uhakika ya 95%, yaani eneo ambamo jibu la kweli linakadiriwa kuwamo, kutoka 1.01 hadi 1.83. Kwa wengi wao zilikuwa zimekwisha kufikia siku ya 28. Tafsiri mojawapo ni kwamba baadhi ya watoto hao ni wale ambao kwa kwinini wangekufa, kwa hiyo wasingekuwepo wa kupimwa. Mtetezi wa dawa angependa kuiruka namba hiyo; jedwali halimruhusu.

Msaka Makala

Niongeze upande wa msako, maana hapo ndipo mapitio mengi ya kwetu hufia.

Swali liandikwe kwa vipande vinne: mgonjwa ni nani, anapewa nini, analinganishwa na nini, na matokeo yapi yanahesabiwa. Kwa kisa hiki: mtu yeyote mwenye malaria kali, artesuneti ya mshipa, ya msuli au ya njia ya haja kubwa, dhidi ya kwinini ya sindano, kifo kikiwa tokeo la kwanza. Itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa mapitio, isajiliwe PROSPERO, sajili ya mapitio ya kimfumo, kabla hujaanza kuchuja makala. Usajili wa baada ya kuona matokeo hauna maana, na tarehe hubaki pale kila mtu akiiona.

Msako usiishie PubMed, hifadhi ya makala ya mtandaoni. Ongeza Embase, maktaba ya majaribio ya Cochrane, LILACS ya Amerika ya Kusini, na African Index Medicus. Kisha nenda kwenye sajili za majaribio: ile ya WHO inayounganisha sajili za nchi, na ile ya Afrika, PACTR. Huko utakuta jaribio lililosajiliwa miaka sita iliyopita ambalo halijachapisha chochote; waandikie watafiti. Kwa dawa za jamii ya artemisinini, artesuneti ikiwemo, usisahau hifadhi za Kichina, kwa sababu dawa zenyewe zimezaliwa China na tafiti nyingi za mwanzo ziliandikwa kwa lugha hiyo.

Uchujaji hufanywa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kwanza kwa vichwa na muhtasari, halafu kwa makala nzima. Wakitofautiana, wa tatu anaamua. Makala iliyoachwa katika hatua ya pili iandikwe na sababu yake. "Haikufaa" si sababu. "Kundi la ulinganisho lilipewa artemetha" ni sababu.

Mtego mkubwa kwenye majaribio ya vituo vingi: kituo kimoja huchapisha data yake peke yake, halafu data ileile imo kwenye ripoti kuu. Ukiingiza zote mbili umewahesabu wagonjwa wale wale mara mbili na mipaka yako ya uhakika itajibana kwa uongo. Linganisha namba ya usajili, miezi ya kuandikisha wagonjwa na jina la hospitali, usitegemee majina ya waandishi.

Tarakimu

Dada Msaka umenena. Mimi nitashika namba.

Watu husoma 0.76 wakasema "vifo vimepungua kwa 24%" wakaishia hapo. Hiyo ni namba ya kusafiri nayo, si ya kupangia bajeti. Ili uamue, igeuze iwe watu kwa hatari ya kwako. Mapitio yalitumia vifo 108 kwa kila watoto 1,000 wa kwinini. 108 × 0.76 ni 82, basi vifo pungufu 26 kwa kila 1,000. Lakini wodi zote hazifanani. Tuseme wodi yako hupoteza watoto 60 kwa 1,000 kwa kwinini: 60 × 0.76 = 45.6, pungufu ni kama 14, maana yake unatibu takribani 70 kuokoa mmoja zaidi. Wodi inayopoteza 200 kwa 1,000 itabaki na 152, pungufu 48, unatibu 21 kuokoa mmoja. Uwiano ni uleule, uzito wa uamuzi unatofautiana.

Halafu rudia hesabu kwa ncha mbili za mipaka ya uhakika ya ile 0.76, yaani 0.65 na 0.90. Kwa wodi ya 60 unapata vifo pungufu kati ya 21 na 6 kwa kila 1,000. Ikiwa hata kwa 6 bado ungenunua dawa, mipaka haikusumbui. Ikiwa ungenunua kwa 21 na kuacha kwa 6, ushahidi wako bado ni mpana mno kwa uamuzi huo, hata kama kitakwimu matokeo yanapendeza.

Jambo la pili, kutofautiana kwa tafiti. Kile kipimo cha I² hakikuambii tofauti ni kubwa kiasi gani. Kinakuambia ni sehemu gani ya mtawanyiko isiyoelezeka kwa bahati. Tafiti kubwa sana zenye matokeo yanayokaribiana zinaweza kutoa I² ya juu, na tafiti ndogo zinazopingana zikatoa sifuri. Tazama kwanza kwa macho mchoro unaopanga matokeo ya kila utafiti. Na ukitumia modeli ya athari nasibu, ile inayochukulia kwamba athari ya kweli hutofautiana kati ya tafiti, kukiwa na tofauti nyingi, kumbuka inavipa vitafiti vidogo uzito zaidi, na vidogo ndivyo vyenye kasoro nyingi. Kiutaratibu hakuna kosa, lakini jibu linaweza kusogea.

La tatu ni majaribio yanayogawa vijiji badala ya watu, kama ya vyandarua. Ukichukua watoto 1,000 wa vijiji 20, watoto 50 kila kijiji, huna watoto 1,000 wa kitakwimu. Kwa mfano wa uhusiano wa ndani (kiasi watoto wa kijiji kimoja wanavyofanana) wa 0.05: 1 + (49 × 0.05) = 3.45, na 1,000 ukigawa kwa 3.45 unabaki na 290. Mapitio yasiyofanya marekebisho hayo yanakuuzia uhakika ambao haupo.

Kipimajoto

Tarakimu asante, hiyo ya 290 imenitoa jasho. Swali: AQUAMAT haikufichwa, daktari na muuguzi walijua nani kapewa nini. Kwa nini basi ikaitwa ushahidi wa uhakika wa juu?

Mzani

Kwa sababu upendeleo hupimwa kwa kila tokeo, si kwa jaribio zima. Kifo hakibishaniwi, muuguzi kujua dawa hakubadili nani kafa. Kinachoweza kupenya ni huduma tofauti, mfano kundi moja kuongezewa damu mapema, na hilo unalikagua kwa kusoma ulinganisho wa huduma. Tathmini ya mfumo wa fahamu ndiyo inayoweza kuyumbishwa na kujua. Tokeo moja linabaki juu, jingine linashushwa, ndani ya jaribio lilelile.

Mfumo wa GRADE, wa kupima uhakika wa ushahidi, una ngazi nne: juu, wastani, chini, chini sana. Jaribio la nasibu, ambalo wagonjwa hugawiwa dawa kwa bahati nasibu, huanzia juu, halafu hushushwa kwa mojawapo ya sababu tano: hatari ya upendeleo, matokeo kupingana, ushahidi wa watu au mazingira tofauti na yako, mipaka ya uhakika kuwa mipana mno, na dalili kwamba tafiti zenye majibu mabaya zimefungiwa kabatini. Mwaka 2006 kwa mtoto wa Afrika sababu ya tatu ndiyo ingeshusha, AQUAMAT iliiondoa.

Ukitaka kuona uzembe, tafuta mapitio ambayo kila tokeo limepewa ngazi moja. Hakuna kitu kama hicho kwenye maisha.

Karani wa Sera

Nimesoma kimya, sasa nichangie upande wa meza ya uamuzi, kwa sababu naona mnaelekea kudhani jedwali la GRADE ndilo uamuzi.

Mwaka 2007 Lancet ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mapitio ya kimfumo yalikuwa yakitumika mara chache katika mapendekezo ya WHO, na maoni ya wataalamu ndiyo yaliyotawala. Mwaka huohuo WHO ikaunda kamati ya kukagua miongozo yake. Tangu hapo mwongozo unapitia maswali yaliyopangwa, mapitio yaliyoagizwa, tamko la maslahi ya kila mjumbe, halafu jedwali la kutoka ushahidi kwenda uamuzi. Jedwali hilo lina safu ambazo mapitio ya tiba hayazijibu: gharama, usawa, kukubalika, kutekelezeka.

Kwa artesuneti, kutekelezeka kulibeba uzito. Kwinini huanza kwa dozi ya kupakia ya miligramu 20 kwa kilo, dripu ya saa nne, kisha 10 kwa kilo kila saa nane. Mtu lazima akae na dripu ile, maana ikikimbia ni hatari kwa moyo, na sukari hushuka. Artesuneti ni sindano ya dakika chache. Kichupa cha miligramu 60 kinayeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti ya 5%, kinaongezwa mililita 5 za maji ya chumvi au dekstrosi kwa njia ya mshipa, au mililita 2 kwa msuli, na kitumike ndani ya saa moja. Dozi ni saa 0, saa 12, saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi mgonjwa aweze kumeza, halafu dawa mseto siku tatu kamili. Kwa wodi yenye muuguzi mmoja usiku, tofauti hiyo inazungumza.

Upande wa pili wa mizani: bei ya dawa ilikuwa juu kuliko kwinini, na dawa isiyo na uthibitisho wa ubora huwezi kuiagiza kwa fedha za wafadhili. Artesuneti ya sindano ya Guilin, kampuni ya dawa ya China, ilipata uthibitisho wa awali wa ubora wa WHO Novemba 2010, mwezi uleule AQUAMAT ilipochapishwa. Bila hiyo, pendekezo la Aprili lingebaki karatasi.

Pwani_Dozi

Karani kagusa penyewe. Naomba niweke kisa cha upande wa pili, dawa ileile, mwisho tofauti: artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kabla ya rufaa.

Mapitio ya Cochrane ya 2014 yalikuta jaribio moja tu linalojibu swali, la watu 17,826 huko Ghana, Tanzania na Bangladesh. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 72 vifo vilipungua kwa takribani robo. Kwa wakubwa, huko Asia, vifo viliongezeka. Kwa hiyo pendekezo lilibanwa kwa watoto wa chini ya miaka 6. Hapo mapitio yalifanya kazi yake vizuri.

Lakini soma ndani ya jaribio. Faida ilionekana kwa wale ambao baada ya saa 6 walikuwa bado hawajafika kituoni: kifo au ulemavu wa kudumu 1.9% dhidi ya 3.8%. Waliowahi kufika hawakuonyesha tofauti. Ni dawa ya kuvusha mgonjwa hadi kituoni. Ikiishia yenyewe, haijamtibu. Sasa mradi wa CARAMAL ukaisambaza kwa wahudumu wa jamii na vituo vidogo Kongo, Nigeria na Uganda, na kuanzia 2018 ukafuatilia watoto. Vifo havikupungua baada ya dawa kuingia, na Nigeria hali ilikuwa mbaya zaidi. Wengine hawakufika kwenye rufaa, wengine walifika wakatoka bila dawa mseto. Januari 2022 WHO ikazitaka nchi zisitishe upanuzi, na 2023 ikatoa mwongozo mpya wa utekelezaji unaodai mnyororo mzima uwepo kwanza.

Tushike lipi hapo? Jaribio la nasibu ni la ubora wa juu, CARAMAL ni ulinganisho wa kabla na baada, una kila aina ya vurugu. GRADE ingekuambia lishike la kwanza. Ila maswali ni mawili tofauti: je, dawa inaokoa, na je, kuisambaza kwenye mfumo huu kunaokoa.

Tarakimu

Nakubali maswali ni mawili, ila usiipe CARAMAL zaidi ya inachoweza. Ulinganisho wa kabla na baada hauwezi kutenga dawa na mabadiliko mengine ya kipindi hicho, na wagonjwa waliopewa dawa wanaweza kuwa ndio waliozidiwa zaidi. "Hatukuona faida" sawa. "Dawa inaua" hapana.

Pwani_Dozi

Tuko pamoja mkuu. Sikusema inaua.

Kipimajoto

Na vipi tafiti za uongo? Mapitio yakimeza utafiti uliopikwa si yanautakasa?

Msaka Makala

Yanautakasa kabisa, na imetokea. Wakati wa korona, chapisho la awali (makala ambayo bado haijapitiwa na jarida) kutoka Misri kuhusu dawa ya ivermektini lilikuwa na uzito mkubwa kwenye mapitio kadhaa hadi likaondolewa Julai 2021 baada ya kasoro kubwa za data kugundulika. Lilipotolewa kwenye hesabu, faida ya kuokoa maisha iliyeyuka.

Kagua haya kabla ya kuingiza: usajili ulifanyika kabla ya mgonjwa wa kwanza? Kibali cha maadili kina namba? Kasi ya kuandikisha inawezekana kwa hospitali ile? Makundi mawili yanafanana mno kwenye jedwali la kwanza, lile la hali ya wagonjwa walipoanza? Hakuna hata mgonjwa mmoja aliyepotea katika ufuatiliaji? Ukitilia shaka, omba data ya mgonjwa mmoja mmoja. Asipojibu, weka utafiti pembeni kwenye hesabu kuu na uonyeshe jibu linabadilika vipi ukiurudisha.

Kuna pia kile ambacho majaribio hayawezi kukiona. Damu kuvunjika kati ya siku ya 7 na ya 21 baada ya artesuneti iligunduliwa zaidi kwa wasafiri waliotibiwa Ulaya, kwa kuwa walirudi kliniki kupimwa. Majaribio makubwa yalihesabu zaidi matokeo ya hospitalini. Kwa madhara ya nadra au ya kuchelewa, itifaki yako iruhusu tafiti za ufuatiliaji, na uzikague kwa chombo chake, usizichanganye na majaribio kwenye jumla moja.

Karani wa Sera

Swali la mwisho kwa upande wangu. SEAQUAMAT na AQUAMAT zilitumia artesuneti ya miligramu 2.4 kwa kilo. Leo mwongozo unasema 3 kwa mtoto wa chini ya kilo 20. Hiyo ilitoka kwenye mapitio gani?

Mzani

Haikutoka kwenye mapitio ya kulinganisha vifo. Ilitoka kwenye uchambuzi wa pamoja wa viwango vya dawa kwenye damu, ulioonyesha watoto wadogo kwa dozi ya 2.4 wanapata dawa pungufu kuliko wakubwa. Mwongozo wa 2015 ukapandisha dozi ili kuwasawazisha. Hakuna jaribio la vifo kati ya 2.4 na 3, kwa hiyo ukisoma 0.76 ujue ni ya dozi ya zamani. Kamati ilikubali ushahidi wa pembeni kwa kuwa hatari ya kuongeza ni ndogo na hatari ya kumpa mtoto dozi pungufu si ndogo.

Kwa bohari haikubadili kitu: mtoto wa kilo 19 kwa 3 ni miligramu 57, bado kichupa kimoja. Kimoja kinatosha hadi kilo 25, maana 25 × 2.4 ni 60 kamili. Kuanzia kilo 26 unafungua cha pili. Kwa saa 24 za kwanza ni dozi tatu, basi usiagize chini ya vichupa vitatu kwa kila mtoto unayemtarajia.